Mwanafunzi na Redio ya Mzee

Utamaduni wa taifa letu huzungumzwa mara nyingi kwa kutaja ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Ni haki vitajwe. Lakini upo upande mwingine wa utamaduni ambao hauchezwi uwanjani wala hauimbwi, nao ni adabu ya kazi: jinsi mtu anavyokishika kitu cha mwenzake, jinsi anavyojifunza ufundi, na jinsi anavyosema pale anapokosea. Katika insha hii tunakusudia kuutazama upande huo kwa njia ya kitu kidogo, yaani redio ya transista iliyozeeka. Swali letu ni hili: mtu ambaye bado hajui ana haki gani ya kukifungua kitu cha mtu mwingine ili ajifunze?

Swali hilo hatukulipata vitabuni. Lilitufikia Nyakahura, katika wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara iendayo Ngara, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye tulikuwa tumekwenda kumwamkia kwa sababu nyingine kabisa. Katika maongezi ilidokezwa kwamba mgeni alikuwa anapenda mambo ya redio. Mzee akainuka, akaingia ndani, akarudi na redio iliyovikwa mfuko wa ngozi wenye matundu mbele ya spika. Alikuwa ameinunua kwa fedha za mavuno, zamani mkoa huo ulipokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Akaiweka juu ya meza, akasema, “Fundi, hebu nitazamie.”

Alituita fundi, nasi tukanyamaza. Tunaomba msomaji aikumbuke kimya hiyo, maana ndiyo kiini cha habari yote. Wakati ule tulikuwa tumefungua redio mbili tu maishani mwetu, zote za kwetu wenyewe, na moja kati ya hizo haikupata kusema tena.

Ili mtu asione kwamba tunafanya jambo kubwa kutokana na kijisanduku cha plastiki, yafaa tukumbushe redio ilikuwa nini katika sehemu zile. Transista yenyewe ilibuniwa mwezi Desemba 1947 nchini Marekani na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, na redio ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani ilitokea mwaka 1954. Kwa watu wa mijini penye umeme huenda badiliko hilo lilikuwa la kupunguza uzito tu. Kwa mkulima wa Biharamulo au Ngara lilikuwa badiliko la kuingizwa katika mazungumzo ya nchi. Redio za zamani za taa za kioo zilihitaji umeme mwingi. Redio ya transista ilihitaji betri chache, zile ambazo wazee wengi huziita mawe, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa imekwisha anzisha kiwanda Dar es Salaam kutengeneza betri na redio. Utangazaji wenyewe ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 sauti ile ilijulikana kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam.

Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya “Mtu ni Afya”, watu kiasi cha milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Kwa hiyo mwenye redio hakuwa mwenye mali tu, bali alikuwa kama mwenye kisima: watu walikuja kuchota. Na mwezi Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameivamia Kagera, ni kwa redio ndipo watu wa mkoa huo walipomsikia Rais Nyerere akitangaza kwamba nchi itapigana. Mzee wetu alitwambia kwamba siku zile hata ndani ya nyumba yake hapakuwa na mahali pa kukaa, na kwamba waliokosa nafasi walisimama dirishani.

Upande wa Ngara historia ya redio ina uchungu wake. Wahangaza na Washubi husema lugha ambazo ni jirani sana za Kirundi na Kinyarwanda, na sauti za ng'ambo ya mpaka huingia masikioni mwao bila mkalimani. Hivyo walikuwa karibu sana kujua kwamba chombo kile kile kinachofundisha kuchimba vyoo kinaweza kufundisha kuua, kama ilivyofanya RTLM ya Rwanda tangu ilipoanzishwa mwaka 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kiasi cha robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Ngara redio iitwayo Radio Kwizera, ambayo jina lake ni tumaini, ikiwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Hatutalifuata jambo hilo mbali zaidi, ingawa linastahili insha yake. Tumelitaja ili ieleweke kwamba mtu wa huko akikukabidhi redio yake hakukabidhi kitu cha kuchezea.

Tuirudie basi redio iliyokuwa mezani.

Tuliifungua kesho yake. Ndani tulikuta jambo ambalo kila anayeanza kazi hii hulikuta: betri za zamani zilikuwa zimeachwa humo, zikavuja, na kutu ya kijani ikavila vibati vinavyopokea umeme. Tukavisugua kwa msasa mpaka viking'aa. Waya mmoja uliokuwa umekatika tukauunga kwa risasi. Tukaweka betri mpya, tukazungusha kitufe cha sauti. Kwanza ikakwaruza, maana vumbi lilikuwa limeingia katika kitufe hicho. Tulipokizungusha mara nyingi kwenda na kurudi, mkwaruzo ukapungua, na kutoka katika spika ukaja mvumo kama wa mvua ya mbali juu ya bati.

Mvumo ule ulikuwa dalili ya uzima. Fundi angeujua, angefunga kifuniko na kungoja usiku, kwa kuwa mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi baada ya jua kuchwa. Sisi hatukuujua. Tulitaka sauti ya mtu, tena tuliitaka mchana ule ule. Tukachukua bisibisi na kuanza kutafuta ubaya mwingine.

Katika redio za namna ile vimo visanduku vidogo vya bati, mara nyingi vinne, kila kimoja na kichwa chenye rangi yake juu: njano, nyeupe, nyeusi, na kimoja chekundu. Kila kichwa kina mfuo wa bisibisi. Tuliviona havikukazwa. Kimoja kilikuwa kimezama, kingine kimechomoza, kingine kimesimama katikati, na katika macho ya mtu asiyejua hali ile ni uzembe wa aliyeiunda au ulegevu wa uzee. Basi tukavikaza vyote mpaka mwisho, kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu mwema afungavyo mlango wa jirani alioukuta wazi. Tulipokaza cha mwisho, mvumo ukazimika.

Tulikuja kuelezwa baadaye tulichokuwa tumetenda. Redio ya namna ile haikikuzi kila kituo kwa njia yake. Kila wimbi unalolichagua kwanza hugeuzwa liwe wimbi la mtetemo mmoja, ambao kwa kawaida ni kilohezi 455 au karibu na hapo, na vile visanduku vimepimwa vikubali mtetemo huo na kuukataa mwingine. Vichwa vile havikulegea. Kila kimoja kilikuwa kimesimamishwa na mfanyakazi wa kiwandani mahali pake hasa, kwa kupimwa, na tofauti ya robo mzunguko yatosha kuidhoofisha sauti. Kilichoonekana kwetu kuwa ulegevu kilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa ndipo swali la maadili lilipoingia. Redio ilikuwa imekuja kwetu ikiwa bubu, na ilikuwa bubu bado. Mzee hakuwa amesikia ule mvumo. Hakuna mtu aliyetuona tukikaza vichwa. Kilichotakiwa ni kurudi Nyakahura, kutikisa kichwa kwa masikitiko, na kusema kwamba imekufa kwa uzee. Angeshukuru. Labda angetupa hata chakula cha mchana. Siku tatu tuliishi na maneno hayo mdomoni, na hatutaki kujifanya kwamba hayakuwa matamu.

Maneno yale yalikuwa na hoja ndani yake, wala hatukutaka kuitupa bila kuisikiliza. Mtu aweza kusema: kitu kilikuwa kibovu, kimebaki kibovu, basi hakuna hasara iliyoongezeka. Lakini ubovu haulingani. Ubovu wa kwanza ulikuwa wa kutu, uliokaa wazi, ambao mtoto mwenye msasa angeuondoa. Ubovu tuliouongeza sisi ulikuwa umefichwa katika mahali panapoonekana pazima. Fundi wa kweli ambaye siku moja angeletewa redio ile angeona visanduku vyake havina kasoro, angehangaika na transista na kapasita ambazo hazikukosa lolote, na pengine angezing'oa. Tungekuwa tumemdanganya mzee, na pamoja naye mtu ambaye hatujamwona.

Tena, kitu cha zamani hakina mbadala. Transista za jerimani zilizomo katika redio nyingi za umri ule si za kupatikana katika kila duka siku hizi, na ule mfuko wa ngozi haushonwi tena. Ndugu mmoja tuliyemsimulia alicheka, akasema redio yenyewe haina masafa ya FM, kwa hiyo hata ikipona haitaipata Radio Kwizera iliyo jirani, na kwamba vituo vingi duniani vimekwisha yaacha masafa ya kati na mafupi. Yote ni kweli. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam lenyewe limebaki katika kumbukumbu. Tangu mwaka 2007 shirika la taifa ni TBC. Lakini hatukuona ni kwa mamlaka gani mtu aliyekiharibu kitu anakuwa ndiye mpimaji wa thamani yake. Mwenye kitu ndiye anayejua anakitakia nini.

Na hapa tunafikia jambo ambalo kwetu ni zito kuliko vichwa na rangi zake. Kila ufundi una gharama ya kujifunza, na gharama hiyo lazima ailipe mtu fulani. Ni nani huilipa? Kijana anayejifunza cherehani huharibu kitambaa cha nani? Anayejifunza kutengeneza baiskeli huvunja kikombe cha gurudumu la nani? Tukitazama kwa uaminifu tutaona kwamba mwenye uwezo hupeleka chake kwa bingwa mjini, na mwanafunzi hujifunzia kwa kitu cha mtu asiye na pa kwenda. Kwa hiyo kosa la mwanafunzi haliangukii mahali popote tu. Huangukia chini, kama maji.

Wako wanaojibu kwamba basi asiyejua asiguse. Jibu hilo lina usafi wa mikono, lakini likifuatwa hakuna fundi atakayezaliwa, na mzee wa Nyakahura atabaki na redio bubu huku sisi tukisifiwa kwa tahadhari. Ujuzi wa kazi za mikono hauhamii kwa mtu kwa kutazama tu. Katika nchi ile ile ya Biharamulo na Geita walikuwapo Warongo, wafua chuma wenye sifa, ambao hawakuwa ukoo mmoja wala kabila moja. Walikuwa ushirika wa kazi, na watu wa asili mbalimbali waliingizwa humo. Tunadhani upo mwanga katika mpango wa namna hiyo. Palipo na ushirika, anayejifunza huvuta mivukuto akijulikana na wote kwamba anajifunza, na tanuru likiharibika hasara huwakaa wengi waliolizunguka. Sisi siku hizi tumeuvunja mzunguko ule. Mtu hujifunza peke yake, chumbani, na akiharibu huwa hana wa kugawana naye hasara ila mwenye kitu, ambaye hata hakuambiwa kwamba alikuwa anafundishia.

Hakuambiwa. Hilo ndilo kosa letu lilipoanzia, wala halikuanzia kwenye bisibisi. Mzee alipotuita fundi, tulipaswa kusema, “Mzee, sisi bado tunajifunza, na huenda tukaiharibu.” Sentensi moja tu. Huenda angeichukua redio yake akairudisha ndani, na ilikuwa haki yake. Huenda angesema tuendelee, na hapo hata kuharibika kwake kungekuwa tendo la watu wawili waliokubaliana. Kwa kunyamaza tulimnyang'anya nafasi ya kuchagua, na tulimnyang'anya wakati redio ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa ngozi.

Siku ya nne tulikwenda Nyakahura. Baada ya shikamoo na marahaba tukamweleza yote: kwamba hatukuwa mafundi, kwamba redio ilianza kuvuma, na kwamba tuliinyamazisha sisi. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza swali moja, “Mlikumbuka vilikuwa vimesimama wapi?” Tukasema hapana. Akasema, “Hilo ndilo baya.” Hakuongeza neno. Alipotusindikiza hadi barabarani, redio ilikuwa bado mkononi mwetu. Hakuidai irudi, nasi hatukujua kama ile ilikuwa ruhusa au hukumu.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja wa makamo katika mji wa Biharamulo, ambaye kwa miaka mingi alitengeneza redio na siku hizi hutengeneza simu. Aliifungua, akavitazama vichwa vyote vilivyozamishwa sawasawa, akatambua kabla hatujasema. Akacheka kidogo. Akasema kila mtu hufanya hivyo mara moja, na kwamba yeye alifanya hivyo kwa redio ya mjomba wake, akapigwa. Kisha akatwambia turudi usiku.

Usiku hakutupa bisibisi. Alitupa kijiti cha mwanzi alichokichonga ncha, kwa sababu chuma kikiikaribia koili huigeuza tabia, na ukikiondoa chuma ile sauti uliyoipata huondoka nacho. Tena vichwa vile ni vya unga ulioshindiliwa, na bisibisi nzito huvipasua. Akatafuta mahali palipokuwa na kituo hafifu sana, kisichosikika ila kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Akasema, “Wewe uliyeviharibu ndiwe utakayevirudisha. Anza na kilicho karibu na spika, urudi nyuma.” Tukageuza kidogo sana, tukasikiliza. Ikipanda tuliendelea, ikishuka tulirudi. Tulipomaliza cha mwisho tulianza tena cha kwanza, kwa kuwa kila kimoja huwategemea wenzake. Ilikuwa kazi ya saa mbili na zaidi. Fundi alikuwa ameketi akinywa chai, na mara nyingine alisema tu, “Umepita.” Ndipo tulipoelewa maana ya kuwa na mtu wa kukwambia kwamba umepita.

Kabla hatujaondoka alichukua kalamu akatia kistari cha wino juu ya kila kichwa na juu ya bati lake, vikielekeana. Akasema anayefungua kitu huchora kwanza, ndipo huguza. Hilo halikuwa katika kitabu tulichokuwa tunakitegemea.

Redio ikasema. Lakini haikuwa sawa na zamani kwa kila hali. Kile kichwa chekundu ndicho kinachopanga mahali pa vituo katika kioo chenye namba, nacho hakikurudi mahali pake hasa. Mzee alikuwa ameweka alama kwa msumari juu ya kioo hicho, mkwaruzo mdogo, mahali alipozoea kuipata Dar es Salaam. Sasa sindano ikifika pale haipo sauti yoyote iliyo yake. Tulimwambia na hilo pia tulipoirudisha, ingawa tulijua kwamba hata bila kosa letu mkwaruzo ule ungekuwa hauonyeshi kitu. Aliupitisha ukucha juu ya alama, akazungusha kitufe polepole. Giza lilikuwa limeingia, na sauti nyingi zilikuwa zinapishana, moja ikija mbele na nyingine ikirudi nyuma. Akasimama penye kituo kimoja ambacho hatukukitambua, akaongeza sauti, akawaita wajukuu.

Tulipoaga alituletea mikungu miwili ya ndizi. Tulianza kukataa, maana tuliona aibu kulipwa kwa kazi ile. Akatukatiza. Akasema mkungu mmoja ni wa chai ya yule bwana wa Biharamulo, tuufikishe bila kuuonja. Wa pili akatwambia tuuweke mpaka tutakapokuwa mafundi, kisha akafikiri, akasema ndizi hazingoji hivyo, tule tu.